Nishati ya jotoardhi ya kina kirefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Kigoma na Tabora

Maswali yaliyomo hapa huulizwa na walimu wa sayansi, wakulima wa tumbaku, wafanyabiashara wa dagaa na vijana wanaosomea ufundi katika mikoa hii miwili. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni namna joto linavyotoka ndani ya mwamba ulio mbali chini ya miguu yetu na kufika juu likiwa bado na nguvu ya kufanya kazi. Mtu akilielewa hilo ataweza kupima mwenyewe ahadi yoyote atakayoletewa kuhusu nishati hii.

Joto la ardhini linatoka wapi?

Sehemu yake limebaki tangu dunia ilipoumbika, na sehemu nyingine huzalishwa mpaka leo na urani, thoriamu na potasiamu zilizomo ndani ya miamba, ambazo hutoa joto kidogo kidogo kadiri atomu zake zinavyovunjika. Kwa wastani, ukishuka ndani ya bara joto huongezeka kwa nyuzijoto 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Wastani huo, hata hivyo, huficha tofauti kubwa kati ya mahali na mahali, na mikoa yetu ni mfano mzuri wa tofauti hiyo.

Kigoma na Tabora zimeunganishwa na reli moja. Je, na chini ya ardhi hali ni moja?

Hapana, na hili ndilo jambo la kwanza ninalotamani kila msomaji alishike. Tabora imekaa juu ya Kratoni ya Tanzania, yaani kipande cha ganda la dunia kilicho kikongwe mno, kinene na kilichotulia, chenye miamba ya graniti ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Vipimo vilivyofanywa kwenye kratoni hii vinaonyesha kwamba joto linalopanda kutoka chini ni takriban miliwati 34 kwa kila mita ya mraba, wakati wastani wa mabara ni kama miliwati 65. Kwa maneno mengine, kilomita nzima ya mraba ya ardhi ya Tabora hutoa kilowati 34 tu za joto, kiasi ambacho hakiwezi kuendesha hata kiwanda kidogo.

Kigoma ipo ukingoni mwa mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda la dunia limevutwa, likapasuka na kuzama hadi kufanya bonde lenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafikia mita 1,470. Penye mipasuko mikubwa maji hupata njia ya kushuka, kupashwa joto na kupanda tena. Upande wa Kongo wa ziwa hili, kaskazini, kwenye rasi ya Banza na mahali paitwapo Pemba, watafiti walikuta chemchemi za moto zikibubujika chini ya maji ya ziwa, nyingine zikikaribia nyuzijoto 100. Hata hivyo, kandokando ya Tanganyika hakuna volkano kama zilizoko Virunga kaskazini au Rungwe kusini. Kinachotarajiwa katika mazingira ya aina hii ni maji ya joto la wastani yanayopanda kupitia mipasuko, si mvuke mkali kama wa Olkaria nchini Kenya, ambako visima hukutana na nyuzijoto zaidi ya 300.

Joto husafirije ndani ya mwamba?

Shuleni tulifundishwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Mnururisho, yaani joto kusafiri kama mionzi, tuuache, kwa sababu ndani ya mwamba wa kina tunachochimbia hauna uzito wowote. Kazi yote ni ya mpitisho na msafara, na kati ya hizo mbili kuna tofauti ambayo ndiyo roho ya somo zima.

Katika mpitisho, joto hupita kutoka chembe hadi chembe bila mwamba wenyewe kusogea. Kanuni yake iliandikwa na Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822: kiasi cha joto kinachopita hutegemea uwezo wa mwamba wa kupitisha joto, ukizidishwa na kasi ambayo joto linabadilika kutoka nukta moja hadi nyingine. Graniti hupitisha takriban wati 3 kwa kila mita kwa kila nyuzijoto moja ya tofauti, na hiki ni kiwango kidogo sana. Ukipoza upande mmoja wa mwamba, habari ya kupoa huko huchukua kama miaka mitatu kusafiri mita 10, na zaidi ya miaka 300 kusafiri mita 100, kwa sababu muda huongezeka kwa mraba wa umbali. Hii ina maana mbili zinazovutana: mwamba huhifadhi joto lake vizuri kwa mamilioni ya miaka, lakini pia hulitoa kwa uchoyo pale unapolihitaji.

Katika msafara, maji yenyewe ndiyo yanayobeba joto na kusafiri nalo. Kilo moja ya maji hubeba kilojuli 4.18 kwa kila nyuzijoto moja, na maji yanaweza kupita mita 100 kwenye ufa kwa muda wa saa au siku. Kwa hiyo mfumo mzuri wa jotoardhi ni ule ambao joto hupita kwa mpitisho katika umbali mfupi tu, kutoka katikati ya jiwe hadi kwenye ufa ulio karibu, halafu maji yakalichukua na kulipandisha. Mtaalamu anayetafuta mahali pa kuchoronga hutafuta joto, ni kweli, lakini hutafuta nyufa na maji kwa bidii ileile, na mara nyingi hizo nyufa ndizo zinazokosekana.

Kwa nini basi tusichoronge tu kwenda chini zaidi hadi tupate moto?

Kwa sababu kina ni ghali, na gharama hupanda kwa kasi kuliko kina chenyewe. Mabomba huwa marefu, kichwa cha kuchorongea kinapochakaa huchukua saa nyingi kukitoa na kukirudisha, na chuma na saruji huteseka kwa joto na mgandamizo. Shimo refu kuliko yote lililochorongwa kwenda chini wima liko Kola, nchini Urusi, na lilifikia mita 12,262. Huko chini walikuta nyuzijoto zipatazo 180. Eneo lile, kama Tabora, ni kratoni kongwe, na kilomita 12 za kazi ya miaka mingi zilileta joto ambalo Olkaria hupatikana kabla ya kilomita mbili au tatu.

Kwa miliwati 34 na graniti ya kawaida, chini ya Tabora joto lingeongezeka kwa kama nyuzijoto 11 kwa kilomita. Kisima cha kilomita tatu kingefikia nyuzijoto 57 au karibu na hapo. Siwezi kumshauri mtu yeyote kuweka fedha za umma kwenye kisima cha namna hiyo.

Kisima kimoja kizuri kinaweza kutoa nishati kiasi gani?

Tuchukue kisima kinachotoa kilo 50 za maji kwa sekunde, yakiwa na nyuzijoto 150, na tuseme tunayapoza hadi 70 kabla ya kuyarudisha ardhini. Kilo 50 mara 4.18 mara tofauti ya nyuzijoto 80 ni kilowati 16,720, yaani karibu megawati 17 za joto. Kiasi hicho cha joto kinatosha kuendesha shughuli nyingi za kukausha na kuchemsha.

Ukitaka umeme, hesabu inapungua sana. Sheria za maumbile hazikubali joto lote kugeuka kuwa kazi. Kati ya nyuzijoto 150 na hewa ya 25, kikomo cha juu kabisa ni asilimia 30 hivi, na mitambo halisi ya daraja hilo hupata asilimia 10 hadi 12. Kwa hiyo megawati 17 za joto hutoa umeme usiozidi megawati mbili, tena kabla ya kuondoa ule unaotumiwa na pampu.

Huulizwa pia kwa nini tusipoze maji hadi 25 ili tusipoteze chochote. Maji ya kina huja yakiwa yameyeyusha silika na madini mengine, na yakipoa kupita kiasi madini hayo huganda ndani ya mabomba na kwenye vibadilisha joto, yaani vifaa vinavyohamishia joto la maji kwenye kitu kingine, yakaziba njia na kuzuia joto lisipite. Kila eneo lina kikomo chake, na wakemia hukipima kabla ya mtambo kujengwa.

Je, maji hayachemki yakiwa huko chini kwenye nyuzijoto 150 au 200?

Hayachemki, kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake. Tabora, iliyo mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, sufuria huchemka kwenye nyuzijoto 96. Chini ya safu ya maji yenye kina cha kilomita moja, mgandamizo ni karibu mara 100 ya ule wa hewa, na maji hubaki kimiminika hadi nyuzijoto 310 hivi. Yanapopanda kisimani mgandamizo hupungua, na kama ni moto wa kutosha sehemu yake hugeuka mvuke njiani. Joto linalopotea kwenye kuta za kisima ni dogo pale mtiririko unapokuwa mkubwa. Kisima chenye mtiririko hafifu ndicho kinachofika juu kikiwa kimepoa.

Tumesikia kuhusu bomba lililofungwa, ambalo maji huzunguka ndani yake bila kugusa mwamba. Je, halifai kwetu, maana halihitaji nyufa wala chemchemi?

Mfumo huo upo na hufanya kazi, na una sifa nzuri: hauhitaji kupasua mwamba na hauchafui maji. Lakini unategemea mpitisho peke yake, na tumekwisha kuona kwamba mpitisho ni wa polepole. Fikiria kisima chenye nusu kipenyo cha sentimita 10 ndani ya graniti, ambamo maji yanayozunguka ni baridi kuliko mwamba kwa nyuzijoto 40. Baada ya miaka michache, mwamba ukiwa umeanza kupoa hadi umbali wa kama mita 10, kila mita ya kisima itakuwa inatoa wati 160 hivi. Kilomita nzima ya bomba ndani ya mwamba wa moto hutoa basi kilowati 160 za joto, na kiasi hicho huendelea kushuka taratibu. Linganisha na megawati 17 za kisima chenye maji yanayotiririka: ni tofauti ya mara mia moja. Ndiyo maana wanaojenga mifumo iliyofungwa hulazimika kuchoronga matawi mengi ya ulalo kutoka kisima kimoja ili kupata urefu wa kutosha, na bei yake bado ni nzito hata kwa nchi tajiri.

Je, nyufa haziwezi kutengenezwa?

Zinaweza. Maji husukumwa kwa mgandamizo mkubwa hadi nyufa za zamani zifunguke, kisha kisima cha pili huchorongwa kupokea maji yaliyopita kwenye mwamba wa moto. Kazi hii ilianzia Fenton Hill, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, miaka ya 1970. Huko Soultz-sous-Forêts nchini Ufaransa walishuka hadi kilomita tano, wakakuta nyuzijoto 200 hivi, na mtambo wao huzalisha takriban megawati moja na nusu ya umeme.

Ugumu uliojitokeza mara kwa mara ni kwamba maji hupenda njia nyepesi. Badala ya kusambaa kwenye nyufa mia, hupita kwenye moja au mbili, yakazipoza haraka, na baada ya miaka michache kisima cha kutolea huanza kutoa maji ya uvuguvugu ilhali mwamba wa pembeni bado ni wa moto. Joto lipo, ila halifikiki. Kwa sababu hiyo umbali kati ya kisima cha kurudishia na kisima cha kutolea hupangwa kwa uangalifu, na rangi maalumu humiminwa ndani ya maji ili kupima yamepita wapi na kwa muda gani.

Uchorongaji huo unaweza kuleta matetemeko?

Ndiyo, na watu wa Kigoma wana haki ya kuuliza, kwa kuwa tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la asili la ukubwa wa 6.8 lilitokea chini ya Ziwa Tanganyika. Kusukuma maji kwenye mipasuko iliyobanwa kunaweza kuilegeza. Basel nchini Uswisi, mwaka 2006, mradi ulisitishwa baada ya tetemeko la 3.4. Pohang nchini Korea Kusini, mwaka 2017, tetemeko la 5.5 lilihusishwa na visima vya mradi wa aina hii na likaharibu majengo. Mifumo inayotumia nyufa za asili na kurudisha maji kwa mgandamizo mdogo ina hatari ndogo zaidi. Kwa eneo la Bonde la Ufa ningedai vipima tetemeko viwekwe miaka kadhaa kabla ya kisima cha kwanza, na matokeo yake yawekwe wazi kwa wakazi.

Joto hili litaisha?

Linaweza kupungua pale linapovunwa haraka kuliko linavyorudi, na kwa kawaida huvunwa hivyo. Kilichopo mkononi ni akiba: kilomita moja ya ujazo ya mwamba ikipozwa kwa nyuzijoto 20 hutoa joto la megawati 79 hivi mfululizo kwa miaka 20. Baada ya hapo mwamba huo unahitaji muda mrefu wa kupumzika.

Mara nyingi kinachoisha kwanza ni maji. Eneo la The Geysers, California, lilifikia kilele miaka ya 1980, kisha mvuke ukaanza kupungua kwa sababu maji yaliyotolewa hayakurudishwa ya kutosha. Tangu mwaka 1997 majitaka yaliyosafishwa ya miji ya jirani husafirishwa kwa bomba na kuingizwa ardhini huko, na uzalishaji ukapata nafuu. Wairakei, New Zealand, ambako uzalishaji ulianza mwaka 1958 bila kurudisha maji, ardhi imedidimia mita nyingi katika sehemu moja.

Maji yasiyofika nyuzijoto 100 yanaweza kuzalisha umeme?

Yanaweza, na mfano wa zamani uko ng'ambo ya ziwa letu. Kiabukwa, katika Katanga nchini Kongo, mwaka 1952 palijengwa mtambo wa kilowati 200 uliotumia maji ya nyuzijoto 91 kuhudumia shughuli za mgodi. Ulikuwa mtambo wa kwanza wa jotoardhi barani Afrika, karibu miaka 30 kabla ya Olkaria kuwasha megawati zake 15 za mwanzo mwaka 1981. Kinachofanyika ni kwamba maji ya moto hupita upande mmoja wa kibadilisha joto, na upande wa pili hupita kimiminika kinachochemka upesi, kama isopenteni, ambacho mvuke wake ndio unaozungusha turbini na kisha kupozwa na kurudi. Chena, huko Alaska, tangu mwaka 2006 hutumia maji ya nyuzijoto 74 tu, lakini wanasaidiwa na baridi kali ya kupozea. Kwetu, hewa ikiwa na nyuzijoto 28 mchana, mtambo huohuo ungetoa umeme pungufu kuliko wa kule.

Serikali inafanya nini?

Ipo Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania (TGDC), iliyo chini ya TANESCO. Maeneo yaliyopewa kipaumbele ni Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe katika nyanda za juu kusini magharibi, Luhoi mkoani Pwani, na Natron kaskazini. Naona mpangilio huo ni wa haki, kwa kuwa fedha ya kuchoronga ni ya mamilioni ya dola kwa kisima na inapaswa kuanzia penye dalili kali. Kwa umeme, Kigoma iliyoteseka kwa miaka mingi na majenereta ya dizeli ina tegemeo la karibu zaidi katika gridi ya Taifa na mradi wa maji wa Malagarasi wa megawati 49.5.

Kama si umeme, joto hili lingetufaa kwa nini?

Hapa ndipo ningependa mjadala wetu uhamie. Shughuli nyingi za magharibi mwa Tanzania zinahitaji joto la nyuzijoto 50 hadi 90, si umeme. Dagaa huoza wakati wa mvua kwa sababu hukaushwa juu ya mchanga na chanja kwa jua peke yake. Mawese yanahitaji kuchemshwa. Uvinza, karibu na mahali Ruchugi inapokutana na Malagarasi, watu wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 kutokana na chemchemi za maji chumvi, na kwa muda mrefu moto wake ulikuwa wa kuni za miombo. Hata maji yaliyokolea kabisa huhitaji kuvukizwa kilo 2.8 za maji ili kupata kilo moja ya chumvi, na kila kilo ya maji hudai kilojuli 2,260 hivi ili igeuke mvuke. Kazi hiyo haihitaji moto wa kuni wenye nyuzijoto mamia. Maji ya nyuzijoto 80 yanayopita kwenye mabomba chini ya sinia pana huifanya.

Kutumia joto kama joto hukwepa ile hasara ya asilimia 90 ya mtambo wa umeme. Kenya wameonyesha njia: shamba la maua la Oserian, karibu na Naivasha, limepasha joto mabanda yake kwa kisima cha jotoardhi, na Eburru wakulima wamekausha pareto kwa mvuke wa ardhini tangu zamani. Mahitaji yakitangulizwa, hata chanzo cha nyuzijoto 70, ambacho mwekezaji wa umeme angekipita bila kukitazama, huwa na thamani.

Mabani ya tumbaku, yaani mabanda ya kuikaushia, ya Urambo na Kaliua je? Yanaweza kuletewa maji ya moto?

Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto linalopandishwa hatua kwa hatua hadi nyuzijoto 70 na kidogo, kwa hiyo kwa kiwango cha joto jibu ni ndiyo. Kwa umbali jibu ni hapana. Bomba lililofunikwa vizuri linaweza kusafirisha maji ya moto mbali: lile la Nesjavellir hadi Reykjavik, nchini Iceland, lina urefu wa kilomita 27 na maji hupoa chini ya nyuzijoto mbili njiani. Lakini hilo hubeba maji mengi kwa mji mzima, na Kaliua haina chanzo ndani ya umbali wa namna hiyo.

Kanuni zilezile za joto bado zina kazi Tabora. Moshi unaotoka kwenye bani la kawaida hupeleka angani joto ambalo kuni zake zimekwisha kulipiwa kwa msitu. Bomba la moshi likirefushwa ndani ya bani, kuta zikizibwa nyufa, na hewa inayoingia ikapashwa kwanza na hewa inayotoka, kuni hupungua. Hiki ni kibadilisha joto, sawa na kile cha mtambo wa jotoardhi, na fundi wa matofali anaweza kukijenga.

Kisima chetu cha mita 80 hutoa maji ya uvuguvugu. Ni dalili?

Mara nyingi sivyo. Maji ya kina kifupi hufuata wastani wa joto la hewa la mwaka, ambalo kwetu ni nyuzijoto 23 hadi 25, na huonekana ya uvuguvugu asubuhi ya Juni kwa sababu hewa imepoa. Yakizidi 30 wakati wote wa mwaka, inafaa kuwaita wataalamu.

Kijijini kwetu kuna chemchemi ya moto. Tufanye nini?

Pimeni vitu viwili, joto na mtiririko, kwa sababu kimoja bila kingine hakisemi lolote. Joto lipimwe kwa kipimajoto kinachofika nyuzijoto 100, mahali maji yanapotokea na si bwawani. Mtiririko upimwe kwa kuyaelekeza maji kwenye ndoo ya lita 20 na kuhesabu sekunde hadi ijae, kiangazi na masika. Kisha zidisheni lita kwa sekunde mara 4.18 mara tofauti kati ya joto la maji na lile la hewa. Chemchemi ya lita 5 kwa sekunde yenye nyuzijoto 60, hewa ikiwa 24, hubeba kilowati 752 za joto. Wazuieni watoto wasiisogelee, na msiinamie mashimo yanayotoa gesi, kwa kuwa kaboni dioksidi na gesi yenye harufu ya yai viza vinaweza kuua mahali palipobonyea pasipo upepo. Vipimo vikiwa tayari, vipelekeni ofisi ya madini ya mkoa au TGDC pamoja na jina la kijiji na tarehe ya kila kipimo.